Kiyoyozi cha Baba na Safari ya Cucu

Inatangazwa kwa umma wote wa Ruiri, wa Meru nzima, na wa Embu mpaka Ishiara, kwamba kiyoyozi cha gari la Mzee Kaberia kiliharibika chenyewe. Hakuna mtu wa familia aliyehusika. Hasa binti yake wa Kidato cha Tatu hakuhusika. Atakayesema vinginevyo atachukuliwa hatua kali.

Tangazo hilo nililisoma nyuma ya jikoni, nikiwa nimesimama juu ya ndoo. Waliokuja kusikiliza walikuwa mbuzi wawili na bibi yangu, ambaye sisi tunamwita Cucu. Mbuzi waliendelea kula maganda ya viazi. Cucu aliniuliza kama nimefua soksi zangu za shule.

"Nimezifua, Cucu," nikasema.

Nikashuka kwenye ndoo.

Jina langu ni Mukiri. Kwetu jina hilo hupewa mtu mkimya. Wazazi walinipa nikiwa na siku mbili, kabla hatujafahamiana. Nasoma shule ya bweni, na huko najulikana kwa mambo mengine. Kengele ya shule iliwahi kulia dakika kumi mapema kwa wiki nzima, na mpaka leo uchunguzi unaendelea.

Nyumbani ni Ruiri. Asubuhi upepo hushuka kutoka mlimani, na mtu hutoka nje akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Baba hulima viazi na vitunguu. Mama, ambaye majirani humwita Mama Mukiri lakini jina lake ni Purity, hutengeneza maziwa ya mtindi na kuyauza kituoni. Cucu ni mama yake Baba. Alizaliwa Mbeere, kule chini kwenye joto, akaolewa huku juu kwenye baridi. Husema alikuja kwa mapenzi, na tangu siku hiyo hajavua sweta.

Tuna gari la kijivu. Hubeba viazi siku za soko na watu siku ya Jumapili. Gari hilo lina kiyoyozi, kile ambacho kila mtu Ruiri hukiita AC. Lakini sisi hatukuwahi kukisikia kikifanya kazi. Siku Baba alipolinunua, miaka minne iliyopita, alibandika utepe mweusi wa mafundi wa umeme juu ya kitufe chake.

"AC inakunywa mafuta," Baba alisema. "Tena sisi Mungu ametupa ya bure." Akaelekeza kidole mlimani.

Hakuishia hapo. Mwezi wa saba, baridi ilipozidi, alikata katoni ya mafuta ya kupikia, akaipachika mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Alisema injini nayo ni kiumbe, inahitaji blanketi. Majirani wengi hufanya vivyo hivyo. Baridi ilikwisha mwezi wa tisa. Katoni haikuondoka.

Sasa nieleze kuhusu Ciarunji.

Ciarunji ni dada yake Cucu. Anaishi Mbeere, ng'ambo ya Ishiara, mahali ambapo lami huisha na vumbi jekundu huanza. Miguu yake haiwezi tena kusafiri. Cucu naye ana pumu, na vumbi ndilo adui wake mkubwa. Kwa hiyo dada hawa wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Walizungumza kwa simu kila Alhamisi. Kila Alhamisi Ciarunji aliuliza swali moja.

"Unakuja, au tutaonana mbinguni?"

"Mbinguni kuna foleni," Cucu alimjibu. "Nitakuja hapo kwako."

Desemba hii, shule zikiwa zimefungwa, Baba alikubali kumpeleka. Alibandua utepe kwenye kitufe, akakibonyeza kama mtu anayegusa pasi. Upepo wa vuguvugu ukatoka. Baba akasema haina shida. Akaenda kwa jamaa mmoja mwenye mtungi wa gesi kando ya barabara. Yule jamaa hakuangalia chochote. Alijaza gesi, akafunga boneti, akapokea chake. Jioni ile gari lilikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi nyama.

"Mmeona?" Baba akatuambia. "AC ya Kaberia ndiyo bora kuliko zote katika Buuri."

Siku nne baadaye tuliondoka. Mpaka Nkubu tulikuwa salama. Tulipoteremka kupita Mitunguu, joto lilianza kuingia. Baba akabonyeza kitufe. Upepo uliotoka ulikuwa mdogo kama pumzi ya paka, tena wa moto. Feni ilikuwa inalia, lakini hewa haikuja.

Tulifungua madirisha. Lami ilipoisha, vumbi likaingia. Cucu akaanza kukohoa. Tulifunga madirisha. Vumbi likapungua, lakini gari likawa tanuri. Tukafungua tena. Tukafunga tena. Mwishowe Cucu hakuwa anakohoa. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Simamisha gari, Kaberia," Mama alisema.

Tulisimama mbele ya duka moja lenye kivuli. Mama alimpa Cucu dawa yake ya kuvuta, akamkalisha wima, akamlegezea nguo shingoni. Baba alisimama akiwa ameshika kofia yake. Sijawahi kumwona akiwa mdogo vile. Baada ya muda pumzi ya Cucu ilirudi taratibu. Kutoka hapo hadi kwa Ciarunji zilikuwa zimebaki kilomita kumi na mbili. Baba aligeuza gari, akarudi hadi kwenye zahanati tuliyokuwa tumeipita, wakampima, kisha tukarudi nyumbani.

Njia nzima Cucu alisema maneno mawili tu.

"Alinichinjia kuku."

Jioni hiyo Baba alitoa amri kuhusu Cucu. "Mama hatateremka tena. Sitaki kumzika kwa sababu ya safari."

Cucu alikuwa anakunywa uji. Hakuinua macho. "Kwa hiyo ni mbinguni," alisema.

Siku iliyofuata ndipo niliposoma lile tangazo juu ya ndoo.

Mama hakupenda amri ya Baba. Lakini Mama hagombani. Yeye huuliza maswali.

"Baba Mukiri, friji yangu ya maziwa ilipokufa, nani aliifufua?"

"Yule msichana wa Barre. Yule wa mjini."

"Hamda. Na anatengeneza nini kingine?"

Baba alitazama gari lake. Kila mtu alijua Hamda anatengeneza nini kingine.

Jumanne tulikwenda Meru mjini. Karakana ya Hamda iko karibu na soko la Gakoromone. Baba yake, Mzee Barre, husafirisha mizigo kati ya Maua na Meru. Hamda alikataa lori, akasomea mambo ya mashine za baridi chuo cha ufundi. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu na hijabu nyeusi iliyobanwa vizuri nyuma. Alimsalimia Cucu kwanza, kwa mikono miwili, akamtafutia kiti kwenye jua.

"Shikamoo, Nyanya. Kwani nawe unatengenezwa leo?"

"Marahaba. Mimi ndiye ninayepozwa," Cucu alijibu. "Nimekuja kusimamia kazi."

Mama alimsimulia ile safari, na gesi ya kando ya barabara. Baba alikohoa. "Fundi, ongeza gesi tu. Tutashukuru."

"Mzee, ukienda hospitali, ni wewe unayemwambia daktari akuchome sindano gani?"

"Hapana."

"Basi nipime kwanza."

Hamda alimwomba Mama kipimajoto chake, kile cha mtindi. Mama alikuwa nacho mkobani, kama watu wengine wanavyobeba leso. Hamda aliwasha injini, akafunga milango na madirisha, akaweka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho. Kisha alibonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake.

"Hiki kinafunga hewa ya nje," alituambia. "Gari linapoza hewa ileile ya ndani. Kwenye njia ya vumbi, hiki ndicho kitufe cha Nyanya. Mlikibonyeza siku ile?"

Baba alisema alidhani ni mapambo.

Hamda alichomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi. Tulisubiri dakika kumi. Nje kulikuwa na nyuzi ishirini na tano. Kipimajoto kilionyesha ishirini na tatu.

"Kiyoyozi kizima, siku kama hii, kingetoa hewa ya nyuzi sita, saba, hata kumi," Hamda alisema. "Hii yenu ni hewa ya kawaida iliyopitia dirisha lingine. Na hii mnaweza kuipima nyumbani wenyewe. Kipimajoto na dakika kumi, basi."

Kisha aliweka kiganja mbele ya tundu. "Tena hewa yenyewe ni chache. Kwa hiyo tuna magonjwa mawili. Hewa haina baridi. Na hewa haitoki. Usichanganye hayo mawili, mzee. Kila moja lina sababu yake."

Alizima injini, akafungua boneti. Akachungulia mbele. Kisha akaingiza mkono na kuvuta katoni ya mafuta ya kupikia, ikiwa na picha ya mama anayetabasamu.

"Hii ni ya nini?"

"Blanketi," Cucu alijibu kutoka kwenye jua.

"Ya injini," Baba aliongeza kwa sauti ndogo.

Hamda hakucheka. Alituita karibu, akatuonyesha wavu mwembamba wa chuma ulio mbele ya rejeta. "Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje. Linatupwa hapa, kwenye wavu huu. Upepo unapita, unalibeba. Ukiweka katoni, joto litakwenda wapi? Linarudi kwa Nyanya."

Wavu ulikuwa umejaa vumbi, wadudu na manyoya ya kuku mmoja ambaye nakumbuka tulimgonga kule Kiirua. Hamda aliuosha kwa mpira wa maji, taratibu, akitokea upande wa injini.

"Msitumie ile mashine ya maji ya nguvu," alisema. "Hizi mbavu ni laini kama karatasi. Zikilala, upepo haupiti."

Baba aliuliza kuhusu gesi. Aliuliza kwa adabu safari hii. Hamda alifunga saa zake mbili za kupima kwenye mabomba. Mishale ilibaki chini.

"Gesi imekwisha," Baba alisema.

"Gesi haiishi kama petroli, mzee. Ni ileile, inazunguka humo ndani miaka na miaka. Ikipungua, ujue imepata njia ya kutoka. Yule aliyekuongezea alitia maji kwenye ndoo iliyotoboka."

Alipitisha kifaa kidogo juu ya mabomba, kimoja baada ya kingine. Kifaa hicho hulia kikinusa gesi. Kwenye kiungo kimoja kilianza kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kwanza Hamda aliinyonya gesi iliyobaki kwa mashine yake, ikaingia kwenye mtungi. Alisema gesi hiyo haiachwi ipotee hewani, kwa sababu inaharibu hali ya hewa, na ikikugusa inachoma ngozi kwa baridi. Kwa hiyo mtu asijaribu kufungua mabomba hayo nyumbani. Kisha alifungua kile kiungo, akatoa pete ndogo ya mpira, akamwekea Baba kiganjani. Baba aliiminya. Ikavunjika kama ganda la harage.

"Unawasha AC mara ngapi kwa mwezi?" Hamda aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Ilikuwa na utepe. Miaka minne."

"Sasa tumefika." Hamda alifuta mikono. "Ndani ya mabomba kuna mafuta kidogo. Hutembea pamoja na gesi, na ndiyo hulainisha hizi pete. Usipowasha, mafuta yanalala, pete zinakauka. Watu wa Isiolo wanakuja hapa AC zikiwa zimechoka kwa kazi. Watu wa baridi kama nyinyi mnakuja zikiwa zimekufa kwa kutofanya kazi. Washa dakika kumi kila wiki. Hata Julai. Hata kama umevaa koti."

"Na mafuta ya gari?"

"Inakunywa kidogo, sikudanganyi. Lakini nikuulize. Mvua ikinyesha na kioo kikiwa na ukungu, unafuta na nini?"

"Mkono."

"Anafuta na sweta yangu," Cucu alisema.

"Washa AC, mzee. Inakausha hewa. Kioo kitakuwa safi kabla hujafika kona, na Nyanya atabaki na sweta yake."

Baba alichukua kalamu, akaandika kiganjani: *dakika 10, kila Jumapili.* Hamda alibadilisha pete, akaunganisha mashine ya kunyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba, akasema itachukua zaidi ya nusu saa. Baadaye angejaza gesi kwa mizani, kiasi kilichoandikwa chini ya boneti, si kwa kukisia.

"Wakati inanyonya, nitazame ugonjwa wa pili," alisema. "Hewa haitoki. Hapo ni filta, chujio la hewa ya ndani. Iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi."

Hapo nilisogea.

"Fundi," nikasema, "hapo hakuna haja. Hapo ni pa karatasi za bima tu."

"Nyuma yake, si ndani yake."

"Nyuma yake ni giza."

Hamda aliniangalia. Kisha alimwambia Baba aende duka la vipuri la jirani akanunue filta mpya, akamwambia na ukubwa. Mama akaenda naye, kwa sababu Baba akiachwa dukani peke yake hurudi na vitu vya trekta. Cucu alikuwa amesinzia kwenye jua.

Hamda alibana kile kisanduku kwa pembeni, kikashuka. Nyuma yake kulikuwa na kifuniko chembamba. Alikifungua. Akatoa filta, nyeusi kwa vumbi, yenye mikunjo mingi kama sketi ya shule. Juu ya filta, imelala vizuri kama kifuniko cha sufuria, kulikuwa na bahasha ya kahawia yenye muhuri wa shule na jina langu.

Tuliitazama sote wawili.

"Panya wa kwetu wamesoma," nikasema.

"Naona. Huyu mmoja anaitwa Mukiri."

Sasa ni lazima nieleze. Siku ya kufunga shule, Baba alinichukua kwa gari. Alisimama mjini kununua mbolea, akaniacha ndani nusu saa. Nilikuwa na ripoti yangu ya muhula mapajani. Ripoti ile haikufaa kuonwa na wazazi wenye shinikizo la damu. Nilitafuta mahali pa kuiweka, nikagundua kile kifuniko. Niliona kwamba waliounda gari waliwafikiria watu kama mimi. Baba alipouliza ripoti, nilimwambia printa ya shule imeharibika.

"Utamwambia?" nilimuuliza Hamda.

"Mimi ni fundi wa hewa." Aliipangusa bahasha vumbi la juu, akanipa. "Lakini nisikilize. Siku ile, gesi ilikuwa imetoka na katoni ilikuwa imeziba. Baridi isingekuwepo. Lakini feni ilikuwa nzima. Mngefunga madirisha na hewa ingempuliza nyanya yako usoni, angalau. Hii ndiyo iliyozuia."

Nilitazama kule kwenye jua. Cucu alikuwa amelala mdomo wazi, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka chini ya sweta.

"Mpe baba yako mwenyewe," Hamda alisema.

"Nitampa."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

"Hivi karibuni ni siku gani ya wiki?"

Baba na Mama walirudi. Niliingiza bahasha ndani ya sweta. Hamda alimwonyesha Baba filta chafu, akaweka kidole kwenye mikunjo yake. Alimwambia aitoe kila mwezi na kuikung'uta, kwa sababu ya vumbi letu, na kuibadilisha angalau mara moja kwa mwaka. Baba aliitazama sana. Baba akishajifunza kitu, hukitazama mpaka kinaona haya.

Mwishoni Hamda alijaza gesi na kuchomeka tena kipimajoto. Dakika kumi. Cucu aliamka, akaingia garini, akasema atapima mwenyewe kwa shavu. Kipimajoto kilisema saba. Shavu la Cucu lilisema, "Nipeni shuka."

Chini ya gari maji yalianza kudondoka. Baba akainama kwa hofu.

"Hayo ni maji ya hewa, mzee," Hamda alisema. "Yakidondoka, furahi."

Jumamosi baada ya Krismasi tuliondoka tena. Asubuhi hiyo Mama alianza kugeuza godoro langu ili alianike. Chini ya godoro ndipo bahasha ilipokuwa. Niliichomoa na kuitumbukiza mahali pa karibu zaidi, ndani ya kiondo cha Cucu, chini ya leso aliyomnunulia dada yake. Nilijiambia nitaitoa tukifika. Nilijiambia pia nitampa Baba hivi karibuni.

Kabla ya Nkubu Baba aliwasha kiyoyozi. Kupita Mitunguu, ardhi ikawa nyekundu na mbuzi wakawa wamejibanza chini ya kila kichaka. Nje kulikuwa na nyuzi thelathini na tatu. Kipimajoto cha Mama kilisema tisa. Lami ilipoisha, Baba alibonyeza kitufe chenye mshale unaozunguka, akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumemwona.

Tulipita lile duka lenye kivuli. Vumbi lilikuwa limefunika dirisha lote upande wa nje. Ndani, Mama alikuwa amegeuka kumsikiliza Cucu akipumua. Mimi pia nilikuwa namsikiliza.

"Kaberia," Cucu alisema.

Baba alikanyaga breki. "Mama? Ni kifua?"

"Punguza hiyo baridi. Unataka nifike nikiwa nimeganda?"

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Nadhani yalikuwa machozi ya kucheka.

Ciarunji alikuwa amekaa mlangoni kwake, fimbo mapajani. Cucu alishuka mwenyewe. Alitembea hatua zote zile kwa miguu yake, akamfikia, na wakashikana mikono. Kisha Ciarunji akasema, "Umenenepa." Cucu akasema, "Wewe umefupika." Wakakaa chini, wakaanza kulia na kusengenya kwa pamoja, kama watu wasiotaka kupoteza muda.

Kuna jambo moja kuhusu Ciarunji ambalo nilikuwa sijaambiwa. Alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini, darasa la ngumbaru. Tangu hapo husoma kila kitu kinachopita mbele yake. Husoma pakiti za chumvi. Husoma fulana za wageni. Na husoma kwa sauti.

Tulikula kuku. Nilikuwa nanawa mikono nje, nikipanga kukifuata kiondo, nilipomsikia Cucu akisema, "Nimekuletea leso." Nilikimbia. Nilifika wakati leso inatoka. Bahasha ilitoka nayo, ikaanguka mapajani mwa Ciarunji.

"Na barua," Ciarunji alisema kwa furaha. Akavaa miwani.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Sehemu za Kiingereza alizisoma kwa lafudhi ya Kimbeere, zikapata heshima zaidi. Hakuruka hata nukta.

"Fizikia," alisoma. "D. Na kialama kidogo pembeni."

"Cha nini?" Cucu aliuliza.

"Ni urembo," nikasema.

"Ni cha kutoa," Baba akasema.

Ciarunji akafika kwenye maoni ya mwalimu wa darasa, ambaye hufundisha Kiswahili. "'Mukiri ana akili nyingi. Ombi letu ni kwamba azitumie.'" Akakunja karatasi. "Ameandika vizuri sana huyu."

Baba aliomba bahasha. Nilidhani atatazama muhuri. Hakuutazama. Aliinua bahasha kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mistari ya vumbi iliyokuwa imejichora upande mmoja, mstari baada ya mstari, sawasawa kama mikunjo ya sketi.

"Mistari hii nimeiona," alisema polepole. "Karakana kwa Hamda."

Ningeweza kusema ni panya. Ningeweza kusema printa. Nilimtazama Cucu, aliyekuwa anapumua vizuri tu pembeni ya dada yake, na nikaona uongo wote niliokuwa nao umekauka kama ile pete.

"Ni mimi," nikasema. "Niliiweka juu ya filta siku ya kufunga shule. Ndiyo iliyoziba hewa. Siku ile Cucu alipo..."

Baba aliinua kidole kunigombeza, akakishusha. Labda alikumbuka katoni. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo halina haraka.

"Kwa hiyo nilikosa pumzi kwa sababu ya Fizikia," Cucu alisema.

Ciarunji ndiye aliyecheka. Cucu hakucheka. Alinivuta karibu, akachukua mkono wangu akauweka kifuani pake, juu ya sweta.

"Unasikia? Inatoka vizuri?"

"Ndiyo, Cucu."

"Basi hiyo AC ni yako. Ukiwa nyumbani, kila Jumapili utaiwasha wewe, dakika kumi. Utapima. Utakung'uta filta. Na Mei nataka kurudi hapa, kwa hiyo usiniharibie."

Tangu siku hiyo tunakwenda kanisani tukiwa tumevaa makoti, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na majirani wanatuonea huruma. Kipimajoto husema saba. Mimi nikiwa shuleni, Baba husoma na kunipigia simu ya bweni kunijulisha, tena bila kuulizwa.

Kwa hiyo lile tangazo nililolisoma juu ya ndoo naliondoa mbele ya umma wote. Kiyoyozi hakikuharibika chenyewe. Baba alikifunga utepe na kukivisha blanketi, na mimi nikakiziba pua. Ripoti imesainiwa na wazazi wote wawili, na Ciarunji ameongeza sahihi yake kwa kuwa alikuwa na kalamu.

Na zile soksi, Cucu, sikuzifua. Nilizigeuza tu.